Nina Piano

Miaka kumi na tisa naandika mabati.
Geji thelathini, bando arobaini, yametoka, yamerudi,
mteja wa Kitengela hajalipa.
Ofisi yangu ina dirisha moja linalotazama Barabara ya Lusaka
na dirisha hilo halifunguki.

Lakini sikio langu halijawahi kuajiriwa.
Bati likianguka ghalani, najua limelia sauti gani.
Feni ya bosi huimba chini kidogo ya king'ora cha saa saba.
Sijamwambia mtu. Mama wa watoto wawili
ataanzia wapi kulalamika kwamba feni haiko sawa na king'ora?

Ukumbi wa kanisa letu, Makongeni, una piano.
Walioileta walishaondoka,
ikageuka meza: vikombe vya chai, kipaza sauti kibovu,
maua ya plastiki ya harusi ya mwaka juzi.
Zamu yangu ya kupangusa vumbi, kidole kikateleza.
Ikaitika
kama mtu aliyeamshwa kwa jina lisilo lake.

Nikaenda nyumbani na sauti hiyo.
Nikasonga ugali nayo. Usiku mume akauliza, unaguna nini.

Kamukunji, katikati ya nyundo,
nilimchorea fundi Sikuku nyuma ya risiti
spana yenye mdomo wa mraba, mdogo kuliko ukucha.
"Ya gari gani hii?"
"Si ya gari."
Akangoja niendelee. Sikuendelea.
Akanitoza mia nne, na hamsini ya siri.

Hofu za wengine hunguruma.
Yangu hupiga hesabu.
Ilikaa nami kwenye benchi la ukumbi, miwani puani:
karo ya Mutinda, muhula wa pili, nusu haijalipwa;
kodi, tarehe tano;
miaka yako arobaini na sita, iandike safu ya kulia;
nyaya ni mia mbili na zaidi, mwalimu huna,
ukikata mmoja utalilipa kanisa na nini?
Nilijumlisha mara mbili.
Haikukosea hata senti.

Nilikata mmoja.
Ulipasuka kama kofi, ukanichora shavuni.
Nikatoka mbio mpaka kituo cha reli, damu kwenye leso,
na spana ikalala miezi miwili ndani ya pipa la unga.

Shangazi Kalondu aliliona kovu, akasema lile lisemwalo siku zote:
kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio.
Tukacheka. Kweli, kwangu kicheko kilikuwepo.
Nikakisikiliza basi, kwa sikio lile lile:
kilikuwa kimeshuka nusu noti,
chumba kizima.

Jumamosi nikarudi.
Mikono ilitetemeka; sikuingoja iache.
Sauti moja ya piano ni nyaya tatu.
Zikitofautiana kidogo tu, nazo hutetemeka,
wau, wau, wau,
na ukikaza, si kwa nguvu, kwa kadiri ya unywele,
mtetemo unakuwa mrefu,
wau,
      wau,
unachoka,
unanyooka.
Mikono yangu ilitulia saa ngapi, sijui.
Nilikuwa nasikiliza.

Mpaka sasa nina noti kumi na moja.
Mume alidhani ni za benki, akafurahi kidogo.
Zimebaki sabini na saba, na ule waya uliokatika
bado umejikunja ndani kama mkia wa panya.
Sina wa kuuweka mahali pake ila mimi.

Jumatatu nikamwomba bosi aniondolee Ijumaa,
na mshahara wake aukate.
"Una mgonjwa?"
"Hapana. Nina piano."

Feni ikazunguka juu ya vichwa vyetu, chini kidogo.
Akachukua kalamu, akaandika kitu.
Sijakisoma bado.