Gari Langu Lipi

Jumapili, mpira ukiisha,
wanaobaki bandani ni wale wasio na haraka:
Mihambo wa tumbaku, Nyamizi wa asali,
watatu wanne wa karakana ya reli,
na mimi mlangoni na kopo la mia mbili mbili.

Ndipo Sebu hubadili chaneli.
Sauti ya watangazaji anaizima kabisa.
Anapuliza kipaza sauti, fuu, fuu:
"Isevya, karibuni kwenye langalanga!"

Majina ya madereva hayajui,
na angeyajua yangemvunja meno.
Basi hugawa magari kama nyama ya sadaka:
jekundu, Mihambo, shika, lako hilo.
La buluu lenye mdomo wa korongo, Nyamizi.
La rangi ya chungwa ni la karakana, mtagawana wenyewe.

"Mihambo huyooo! Anakata kona ya Gongoni,
anapita msikitini, hasalimii mtu!
Nyamizi yuko nyuma, kamganda kama deni!"
Nyamizi anajifuta asali vidoleni, anacheka,
kisha hacheki tena,
anasogea ukingoni mwa benchi.

Gari linaingia kubadilisha tairi.
Watu ishirini wanalirukia,
hujamaliza bismillahi limeshatoka.
Ruhanga wa karakana anatoa kijiti mdomoni:
"Sisi behewa moja la Mpanda
lilikaa miezi miwili likingoja bolti."
Hakuna anayemjibu.

Wiki nyingine huwa ni pikipiki.
Wanalala nazo kwenye kona, goti linakwangua lami,
na vijana wa bodaboda hulipa bila kusumbua.
Jumatatu, manesi wa Kitete wanajua nani aliangalia.

Wiki nyingine ni yale magari ya matope, ya porini.
Hayo hatuyatolei macho.
Barabara ile tunaijua: masika,
lori la Mihambo lililala humo siku nne na mzigo wake.
"Huyu anashindana na nani?" aliuliza. "Mbona yuko peke yake?"
"Na saa," Sebu akamwambia.
"Kumbe nami nilikuwa mashindanoni. Sikuambiwa."

Sasa Jumapili iliyopita.
Imebaki mizunguko mitatu,
jekundu na buluu bega kwa bega,
umeme ukaondoka.

Kiza cha turubai. Harufu ya karanga.
Kipaza sauti kimekufa, Sebu kahamia kooni:
"Kona ya Cheyo! Nyamizi ndani! Mihambo nje!
Wanagusana, mama yangu, wanagusana!"
Mihambo akapenyeza jero gizani.
Nyamizi akaahidi chupa ya asali, ya Sikonge, isiyochanganywa.
Mihambo akaongeza jero.
Dau likapanda, na ile mizunguko mitatu
ikawa sita, ikawa tisa,
kila mmoja akiongoza kwa kadiri ya mfuko wake.

Umeme ukarudi bila hodi.
Mbio zilikwisha zamani.
Watu watatu juu ya jukwaa
wanamwagiana soda ya povu (nani atalipa, aliuliza mtu),
na katikati yao, juu kabisa,
kijana mwenye ovaroli ya kijani.

Kijani?
Sebu akatazama benchi moja moja.
Hakuna aliyepewa kijani.
Kamera yenyewe ilikuwa na wawili wake wa mbele
jioni nzima, haikugeuza shingo.
"Huyu katokea wapi?"

Mlangoni, televisheni unaiona kwa ubavu.
Unaona ile orodha ndogo pembeni mwa kioo
ambayo hakuna mtu huisoma:
mstari mwembamba wa kijani, wa kumi na moja,
halafu wa nane,
halafu wa tano, wakati watu wanapiga kelele za wengine.
Niliuona. Nilinyamaza.
Sebu hajawahi kuniuliza gari langu lipi.

Elfu nne na mia sita.
Nikafunga kopo.