Kidonge Hakijui Njia

Kipindi cha tatu, Arua, mabati yanalia kwa jua.
Nimeandika ubaoni neno refu kama foleni ya maji:
prostaglandini.
Chaki imekatika katikati yake.

Munduru, nakuona.
Dawati la nyuma, paji la uso juu ya mbao,
ngumi imefumbata sketi.
Somo la leo ni lako, ila jina lako silitaji.

Nawaambia: mwezi mzima mfuko wa uzazi umetandika kitanda.
Mgeni hakuja. Homoni iliyoshika nyumba inajiondokea,
na utando, kabla ya kubomoka, unamwaga kemikali hii,
nayo inaiamrisha misuli: kaza!
Misuli hukaza, mishipa ikabanwa,
damu ikakosa njia, nyama ikalilia hewa.
Ndiyo maana yanauma na kupuliza, yanauma na kupuliza,
yakashuka mapajani, yakapanda mgongoni,
yakaingia hata utumboni, mtu akaharisha.

Wavulana wanacheka hapo kwenye kuharisha.
Sawa. Wamesikia.

Mimi niliambiwa utazoea.
Niliambiwa ukizaa yataisha.
Nimezaa wawili.
Alfajiri nimemeza ibuprofeni kwa muhogo wa jana,
maana haitaki tumbo tupu,
na mwenye vidonda vya tumbo asiiguse.
Nimeiwahi, kabla maumivu hayajavua viatu:
kemikali iliyokwisha kumwagika haizoleki,
dawa hufunga jiko inamopikwa.

Ezati, ambaye tangu Februari hajauliza kitu, ananyoosha mkono:
"Mwalimu, kidonge kinajuaje tumbo liko wapi?"

Hakijui, Ezati.
Kinaingia damuni kama muuza maziwa mgeni mjini,
kinabisha kila mlango, goti, jino, kisigino,
na kila jiko kinalolikuta linawaka, kinalizima.

Kengele. Wanatoka wakisukumana.
Munduru amebaki.
Umekula? Uji.
Vidonda vya tumbo? Anatikisa kichwa.
Namkunjulia kimoja kutoka kwenye karatasi yangu.
Mwezi ujao kikishindwa, na wa pili kikashindwa,
tutakwenda hospitali, mimi na wewe;
maumivu yasiyosikia dawa huenda yana jina jingine.

Anameza. Anasita mlangoni.
"Niandikie lile neno, nimpelekee mama.
Yeye anasema ni baridi ya sakafu."

Nikaliandika, herufi kwa herufi, kwenye karatasi ya dawa.
Halikutosha mstari mmoja.