Kidole Kimoja

Siku ya kumi na mbili
tuta la bitiruti lilikuwa bado tuta tu,
jeusi, kimya kama mdeni aliyesikia hodi.

Gunvaldis wa bustani ya pili
akaja na kipimajoto chake cha nyama,
akakidunga udongoni, akasoma bila miwani:
"Nyuzi nne. Skaidrite, hata mimi nisingeamka."

Nikatandika plastiki, nikaikandamiza kwa matofali.
Jua la Aprili hapa Kuldiga
hutoa mwanga kwa mkono wa kulia,
joto hulifumbata kwa wa kushoto.

Zikapita siku tisa. Kitu hakuna.

Labda mbegu zimezeeka, nikasema.
Nikahesabu kumi, nikazikunja ndani ya kitambaa kibichi
na kuziweka juu ya jokofu, mahali pa paka.
Siku ya tano, nane zilikuwa zimetoa mkia,
mwembamba kama uzi uliosahauliwa na fundi.

Mbegu nzima, basi.
Gunvaldis akasema subira huvuta heri.
Huvuta, ndiyo,
lakini haivuti kitu kutoka shimo la inchi tatu,
na hilo sikuwa nimelijua bado.

Nikalirudia daftari la mama,
lile lenye doa la siki:
*Bitiruti. Fukia kidole kimoja. Usizidishe.*
Nilifukia kidole kimoja. Sikuzidisha.
Nilikitumbukiza cha shahada mpaka kwenye fundo.

Ndipo nikamwona,
mikono ndani ya beseni, povu hadi viwikoni,
na kile cha shahada kikiishia pingili ya kwanza.
Kilichosalia kilibaki kiwanda cha mbao
mwaka niliozaliwa.
Tulikizoea kibutu kile hata hatukukiona tena.
Kwetu kilikuwa kidole.
Kwake ndicho kilichokuwa kipimo.

Nikapiga magoti, nikakwangua kwa kijiko cha chai.
Chini kabisa nikazikuta mbili,
shingo nyekundu zimejikunja,
zilikuwa njiani jamani, zinakuja,
na kijiko changu kikazikata zote mbili.

Nilikaa kidogo pale kwenye baridi.

Kisha nikachukua zile nane za kitambaa.
Nikakikunja kidole changu,
nikatoboa udongo kwa kilichobaki.

"Umeumia?" Gunvaldis akauliza kutoka uani kwake.

Napima, nikamwambia.