Rehani ya Abundio

Mama yangu haisomi bei ya lithiamu gazetini.
Anaisoma vitandani.

Bei ikipanda, vitanda vyetu sita hulaza watu kumi na wawili:
wa zamu ya usiku anaingia, wa mchana bado anatafuta viatu,
shuka haipati nafasi ya kupoa.
Bei ikishuka, magodoro tunayasimamisha ukutani
kama wageni waliokosa viti,
na supu ya kinoa tunainywa wenyewe, siku tatu mfululizo.

Huku ni juu, mita elfu nne kasoro kidogo.
Kiberiti kinawaka kwa kusitasita.
Mtu aliyeishi sana, husemwa amekula chumvi nyingi.
Sisi tunaikanyaga, tunaifagia mlangoni,
na mjomba Nemesio bado alizeeka akiwa na miaka arobaini.

Abundio Calpanchay alikuja mwaka ule wa bei ya wazimu.
Fundi wa pampu, mikono mipana, haringi.
Mimi nikiandika daftari la deni, yeye akimenya viazi bila kuombwa:
"Tunayavuta maji ya chumvi kutoka chini,
tunayamwaga mabwawani, jua linafanya kazi bila mshahara.
Mwaka mmoja na nusu, Zulema.
Unavuta kwa bei ya leo,
unauza kwa bei usiyoijua.
Hayo si machimbo. Hicho ni kilimo,
ila mkulima wake anaomba mvua isinyeshe."

Kisha bei ikaanguka.
Hatukusikia kishindo.
Mahali fulani, kwenye miji ambayo magari yake hayangurumi,
watu walinunua machache kuliko walivyotabiriwa,
maghala yakajaa, mtu akafuta tarakimu akaandika nyingine,
na huku basi la kampuni likateremka na watu arobaini,
likarudi na dereva.

Abundio alidaiwa siku hamsini na tatu za kitanda,
na chakula, na kufuliwa.
Akaweka rehani: chupa,
lita moja ya maji ya bwawa la kwanza.
"Humu mna lithiamu," alisema. "Bei itarudi."
Mama aliitazama chupa
kama anavyomtazama lama anayechechemea mnadani.
Akang'oa kizibo, akaimimina kwenye bakuli,
akaliweka dirishani.
"Basi nayo ifanye kazi."

Kila Jumapili alichora mstari wa penseli yalipofika maji.
Mwaka huohuo kamba ya kisima cha mjomba
iliongezwa mara mbili.
Kampuni ilisema ni ukame.
Mjomba alisema ni kampuni.
Kamba haikusema kitu, ilirefushwa tu.

Maji yakimwagika hayazoleki, hilo tunalijua.
Yakikaushwa kwa mpango, na risiti juu,
methali yake iko wapi?

Alirudi Agosti, upepo ukirusha changarawe,
bei imefufuka, mfukoni ana malipo ya mwanzo.
Dawa ya deni akaileta yote, noti kwa noti,
hata ile ya kufuliwa.
Kisha, kwa aibu kidogo, akaulizia chupa yake.

Mama akamletea kopo la maziwa, nusu limejaa.
Chumvi. Nyingi yake ya kawaida, ya kutia kwenye supu.
Ile nyingine, ya kuendeshea magari,
nilikwisha kuipigia hesabu kwa bei mpya:
haifikii mkate mmoja.

"Ndiyo yote?"

"Chumvi yako imo yote," mama alisema.
"Maji ndiyo sikuweza kukutunzia."

Abundio akalitikisa kopo karibu na sikio,
akanyamaza, akaliacha mezani.
Nikafungua ukurasa mpya, nikaandika jina lake, tarehe,
kitanda cha nne.
Akaenda kulala saa hiyohiyo, na koti lake,
mahali palipokuwa bado na joto la mtu mwingine.