Siku ya Kumi na Tisa

Notisi nilimpa mwenyewe, mwezi wa nne,
karatasi ina muhuri na tarehe.
Akaipokea kwa mikono miwili
kama anayepokea sahani ya pilau.
“Shukran, mama,” akasema.
Leo ni siku ya kumi na tisa tangu muda wake uishe
na viatu bado viko mlangoni, jozi tatu:
vyake, vya mkewe, na vile vya mtoto
vinavyowaka taa kisiginoni akikanyaga.

Fleti hii ya Al-Khuwair, ghorofa ya tatu,
marehemu aliinunua kwa zamu za usiku bandarini.
Kodi ya hapa ndiyo dawa yangu ya sukari,
ndiyo nauli ya kwenda Unguja kuzika wanaobaki.
Miezi mitano sijaona hata baisa.

Mwanangu Muhenna anasema: “Katiza umeme.
Joto hili, siku mbili tu,
atatoka mwenyewe kama mende.”
Wakili anasema: usiguse waya, usiguse bomba,
usibadilishe kitasa. Shitaki, kisha usubiri.
Jirani yangu Bi Shinuna anasema:
mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Jembe! Alime nini, lami?

Basi jana nikaenda.
Lifti mbovu. Nikapanda ngazi na magoti yangu haya,
ufunguo wa akiba mkobani,
maneno nimeyapanga kwa Kiarabu kizito, cha serikali,
maana Kiswahili changu hakijui kufukuza,
kinaanza na hodi,
na ukishasema hodi
umeshaomba ruhusa ya kuingia kwako.

Thankachan akafungua, kavaa shati la kazini.
Jina la kampuni limefumwa kifuani,
kampuni yenyewe imefungwa tangu kabla ya Ramadhani,
na pasi yake imo kwenye kabati la ofisi
ambalo mlango wake umetiwa lakiri.
Ndani, maboksi mpaka dari.
Wamefunga kila kitu siku ile ile ya notisi;
hutoa sufuria moja, wakapika,
wakaiosha, wakairudisha boksini.
Wameshahama hawa.
Kilichobaki ni kutoka.

Mkewe akaniletea maji ya ndimu, yenye chumvi.
Mtoto akanitazama, akauliza kitu kwa lugha yao.
Baba akajibu kwa sauti ya chini.
Sikuelewa neno,
ila neno la mwenye nyumba, likitajwa kwa sauti ile,
mtu hulijua kwa lugha yoyote.

Mama yangu, mwaka ule, alipewa saa moja.
Alibeba cherehani, akaacha picha zote ukutani.
Sikumwambia Thankachan.
Hayo si yake, wala hayafanani:
sisi hatukudaiwa kodi.

Nikasema, “Kesho nakwenda mahakamani.”
Akasema, “Haki yako, mama.”
Nilitaka abishe. Nilitaka apandishe sauti
nami nipandishe yangu,
majirani wafungue milango.
Mtu akikupa haki yako yote, papo hapo,
anakuacha umesimama na glasi mkononi.

Leo nimechukua namba, sitini na moja.
Kijana wa dirishani hakuninyanyulia macho.
“Mpangaji anakataa kutoka?”
Nikasema, hakatai.
“Ametoka?”
Hajatoka.
“Basi anakataa,” akaandika.
Nikatia saini. Nimeshitaki,
na sitaifuta kesi; dawa hazinunuliwi kwa maji ya ndimu.

Njiani nikapita kulipa bili ya umeme wa fleti,
riali kumi na nne na baisa mia tatu.
Wangeukata Alhamisi.
Risiti nimeikunja mara nne,
nimeitia kwenye boksi la sindano zangu.
Huko Muhenna hafungui,
anaogopa sindano tangu mdogo.