Magoti ya Fearchar

Mkoba wenye suruali aliusahau kwao,
akaingia ukumbini mwa kanisa, Dingwall,
na kilti aliyomzikia baba yake asubuhi.
Watoto wa mkanda wa njano wakacheka.
Mwalimu Iseabail hakucheka.
"Ukirusha teke la juu, Mungu akusitiri.
Rusha la chini."

Yadi nane za sufu,
zanuka kabati na mvua.
Alipogeuka, mwili ulitangulia,
marinda yakaja nyuma, yamechelewa,
kama mtu aliyekumbuka neno akiwa mlangoni.

Miaka kumi na mmoja nasimama mbele yake,
na suruali nyeupe ikinificha:
goti la kushoto huangukia ndani.
Leo hilo hapo, jekundu kwa baridi,
latetemeka.

Iseabail akachuchumaa,
akalisukuma nje kwa vidole viwili,
kidogo tu, upana wa punje.
"Baba hakukwambia?"
"Aliniambia. Kila siku.
Nilidhani ananigombeza."

Akaanza ngumi mia.
Kwenye ya sitini na tatu
pini ya kilti ikafyatuka,
ikalia sakafuni.
Hatukuiokota
mpaka akamaliza kuhesabu.