Kwapa la Kulia

Mpira wa kwanza ulikwenda kulia.
Wa pili, kulia. Wa tatu ukaanza sawa,
ukanidanganya, kisha ukapinda ghafla
kama mtu aliyemwona anayemdai,
ukapotelea kwenye mivinje upande wa ufuo.
Ulicheka, Nyevu. Mimi nilikuwa nahesabu:
minne imebaki kwenye soksi.

Miaka kumi na tisa nimebeba mikoba ya wageni
kwenye uwanja huu wa Malindi.
Nimeviona vifaa vyao: ukanda wa kufunga viwiko,
kioo cha kulaza chini, fimbo yenye bawaba
inayojikunja ukikosea, na bei yake
karo ya muhula mzima.
Mimi nina fito mbili za mkoko, boksi la viatu,
na kipande cha leso ya marehemu mama.
Imechanika jina, limebaki neno moja:
SITAKUACHA.

Fito moja nikailaza mbele ya vidole vya miguu,
ya pili ikaelekea shimoni.
Leso nikaikunja mara nne. Ibane, nikasema,
kwapa la kulia, kama mtu anayepimwa homa.
Fimbo ikipanda, leso ibaki. Ikishuka, ibaki.
Piga.
Ukapiga. SITAKUACHA ikaanguka majanini.
Tena. Ikaanguka.
Mara ya kumi na moja uliiokota, ukaisoma kwa sauti,
ukasema, "Mwalimu, huyu mama muongo."

Boksi nikaliweka ng'ambo ya mpira, nafasi ya vidole vitatu.
Fimbo ikishuka kutoka nje, italigonga.
Ikaligonga. Tumbili akaja kulikagua,
akakuta tupu, akatutukana.

Jumatatu nilipita Msabaha na baiskeli
nikakuona na mjomba wako Chengo
kwenye kiwanja cha Mtaliano, mkifyeka kwa kipande.
Fyekeo lilipanda juu ya bega, kiwiko nje,
likashuka kutoka mbali kuja ndani,
likizoa majani hadi miguuni.
Nikafunga breki.
Lile kosa! Lile lile,
na pale lilikuwa unga,
lilikuwa sare ya shule ya mdogo wako Kadzo.
Nami nilishakuambia mkono wako una kombo.
Mkono ulikuwa kazini.

Jumamosi nikaja na fyekeo langu mwenyewe.
Fyeka, nikasema. Ukanitazama, ukafyeka.
Sasa shika fimbo. Umeona?
Nyasi unazivuta zije.
Mpira unautuma uende.
Hukujibu. Ulirudia polepole, bila mpira,
midomo ikitembea kama mtu anayehesabu chenji,
kisha ukauweka mmoja juu ya kigingi
na leso ikabaki.
Nilisikia kabla ya kuona: ule mlio mkavu
wa nazi iliyopasuliwa na mtu anayejua.

Usidhani iliishia hapo.
Niliondoa boksi, ukakaa sawa.
Niliondoa fito, ukakaa sawa.
Niliondoa leso, mivinje ikapokea mitatu.
Nikairudisha. Nikaiondoa. Wiki sita hivyo,
Sabaki ikimwaga tope, bahari ikawa rangi ya chai ya maziwa,
na wewe ukibana kwapa hata ukinywa maji,
hata ukinipungia mkono, wa kulia haukuinuka
zaidi ya kiwiko.

Siku ya mashindano ya watoto uliomba kuwa nayo mfukoni.
Shimo la nne ulipiga, ukaenda kulia.
Ukageuka kunitafuta.
Nikajifanya natazama bendera.
La tano sitalieleza, nitaonekana najisifu.

Jana Chengo kanijia na hasira:
siku hizi mtoto anafyeka kiwiko ndani,
majani yanabaki wima kama jeshi,
Mtaliano analalamika.
Anataka nimrudishie mkono wa mpwa wake.
Nimempa boksi la viatu, nikamwonyesha pa kuliweka.

Ile leso sijakudai.